Karuta: Mashairi Mia na Mkono Mwepesi

Kila Januari, katika hekalu la Kishinto la Omi mjini Otsu, kando ya Ziwa Biwa, Wajapani humtafuta bingwa wa mchezo wa karata ambao mgeni akiutazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni ugomvi. Washindani wawili wamepiga magoti kwenye mikeka ya tatami, vichwa vimekaribiana, na kati yao karata hamsini zimelazwa wazi. Msomaji anaghani shairi la kale kwa sauti ya kuvuta. Hajamaliza hata neno la kwanza, mkono umekwisha kufyeka sakafuni na karata imerukia ukutani. Huo ndio mchezo wa karuta, ambao kwa vizazi vingi umekuwa wa familia wakati wa Mwaka Mpya, babu na wajukuu wameuzunguka mkeka mmoja. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba karuta ni njia ya Wajapani ya kuhifadhi ushairi wao wa kale. Maelezo hayo yanapendeza, ila yamepindua mambo. Ukiifuata historia ya mchezo huu utaona kwamba heshima kwa mashairi siyo iliyouweka hai. Mchezo ndio uliowabeba washairi, tena umewahi kubeba mizigo mingine kwa raha ileile. Kilichodumu ni mbio kati ya sikio na mkono. Karata zenyewe zimebadilishwa tena na tena.

Machimbuko yake ni mawili. Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, na karata zao zikaingia Japani pamoja na bunduki na bidhaa nyingine. Ni mabaharia wa taifa lilelile waliokwisha kutia nanga Malindi mwaka 1498. Ndiyo maana mchezaji wa barazani kwetu anataja kopa, shupaza, uru na pau, ambayo yote ni majina ya Kireno, na ndiyo maana karata yetu na karuta yao zinasikika kama ndugu. Wajapani hawakukawia kutengeneza za kwao. Mafundi wa Miike, katika kisiwa cha Kyushu, walichora karata 48 za mtindo wa Kireno katika enzi ya Tensho (1573–1592), na kufikia mwaka 1597 Chosokabe Motochika, mtawala wa Tosa, alikuwa ameitaja karuta katika sheria zake miongoni mwa kamari alizozipiga marufuku. Mtawala hasumbuki kukataza kitu kinachochezwa na watu wawili watatu. Chimbuko la pili ni la zamani zaidi na halina uhusiano wowote na Wazungu: ni mchezo wa makombe ya baharini, kai-awase, uliochezwa na mabibi wa ikulu. Kombe lina pande mbili, na upande mmoja hauwezi kushikana sawasawa na upande wa kombe jingine lolote. Seti kamili ilikuwa na makombe 360. Pande za kulia zilitandazwa, za kushoto zikatolewa moja moja, na mchezaji akatafuta kila upande na mwenzake. Baadaye ndani ya makombe yalichorwa mapambo ya dhahabu au kuandikwa mashairi, nusu huku na nusu kule, na mabinti wa nyumba kubwa walikwenda nayo kwa waume zao yakiwa kwenye masanduku ya nakshi.

Tofauti ya michezo hii miwili ndiyo ufunguo wa yaliyofuata. Katika karata za Wareno, kila mtu anazificha zake mkononi. Anayeshinda ni mwenye bahati na hila. Katika makombe, kila kitu kiko wazi mbele ya wote, na anayeshinda ni mwenye kumbukumbu na jicho. Karuta ya familia ilichukua karatasi kutoka kwa Wareno na kanuni kutoka kwenye makombe. Kisha ikaongeza jambo ambalo mabibi wa ikulu hawakulihitaji sana: watu wengi wakiitafuta karata ileile kwa wakati uleule. Hapo ndipo kasi ilipoingia. Karata nyembamba inashikika, inafyekwa, inasukumwa kwa ncha ya kidole. Kombe lililopakwa dhahabu huwezi kulipiga kofi.

Kuna wanaosema kwamba yote haya yaliletwa na serikali. Watawala wa Edo (Tokyo ya leo) walipiga vita kamari kwa zaidi ya karne mbili. Kila seti ilipokatazwa, mafundi walibuni nyingine yenye sura tofauti, na katika kufukuzana huko ndiko zilikozaliwa hanafuda, karata 48 za maua ya miezi kumi na miwili. Biashara ya hanafuda ndiyo iliyoanzisha kampuni ya Nintendo mjini Kyoto mwaka 1889, zamani kabla ya mtu yeyote kuota mchezo wa video. Hoja yao ni kwamba karata za mashairi zilinusurika kwa kuwa hazikuwa na kamari ndani yake, basi familia zikazikimbilia kama kimbilio halali. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, lakini haitufikishi mbali. Marufuku inaeleza kwa nini mchezo mmoja uliachwa bila kusumbuliwa. Haielezi kwa nini watu waliupenda. Makombe hayakukatazwa na mtu, na bado yaliishia kuwa pambo la harusi na kitu cha makumbusho. Kwa upande mwingine, unsun karuta, ambayo ni mtoto halisi wa karata za Kireno, yenye karata 75 za aina tano, inachezwa hadi leo katika mji wa Hitoyoshi. Ruhusa na katazo havitoshi kutuonyesha nani atapona.

Tuje kwenye mashairi yenyewe. Mkusanyo unaoitwa Hyakunin Isshu, yaani washairi mia shairi moja moja, unahusishwa na Fujiwara no Teika (1162–1241), aliyeuchagua katika miaka ya 1230 kwa ajili ya kupamba jumba la jamaa yake karibu na mlima Ogura, nje ya Kyoto. Kila shairi lina mizani 31, vipande vitano vya 5, 7, 5, 7 na 7. Arubaini na tatu kati ya hayo mia ni ya mapenzi: kungojana, kuachwa, mikono ya nguo iliyolowa machozi. Washairi ishirini na mmoja ni wanawake. Kuanzia karne ya 17 mkusanyo huu ulifanywa seti ya karata 200. Mia ni za msomaji, zenye picha ya mshairi na shairi zima. Mia nyingine ni za kutandazwa, zenye vipande viwili vya mwisho tu. Msomaji anaanza mwanzo wa shairi, nawe unatafuta mwisho wake sakafuni. Aliyelijua shairi kwa moyo anakwenda moja kwa moja. Asiyelijua anangoja msomaji afike kwenye mizani ya mwisho, na akifika huko karata imekwisha kuchukuliwa. Ni mtego mzuri. Mtu anajifunza shairi kwa sababu amechoka kushindwa na shangazi yake, wala si kwa sababu Teika alikuwa na jina kubwa.

Kama mashairi yangekuwa roho ya mchezo, tungetegemea mchezo usitamanike bila mashairi. Ilivyotokea ni kinyume. Kufikia mwishoni mwa enzi ya Edo, iliyokwisha 1868, watoto walikuwa na iroha karuta: methali 47, moja kwa kila herufi ya kana, na ya 48 kwa neno la mji mkuu, kila methali ikiwa na picha yake, jumla karata 96. Kanuni haikubadilika hata kidogo. Mzigo ulibadilika kabisa, tena kila mji ukapakia wake. Seti ya Edo inafunguliwa na mbwa azururaye akapigwa fimbo. Ya Kyoto inafunguliwa na giza lililo hatua moja mbele. Ya Osaka kwa mtu anayesikia moja akaelewa kumi. Edo pia inakwambia kwamba maandazi ni bora kuliko maua, na ushahidi ni bora kuliko mabishano. Kwenye karata ya picha herufi ya kwanza imeandikwa kubwa pembeni, ndani ya duara, hivyo mtoto wa miaka mitano asiyeelewa methali hata moja anaweza kumshinda baba yake kwa kusikia sauti ya kwanza tu. Walimu wanaosema iroha karuta ilifundisha busara wanasema kweli kwa bahati. Ilifundisha herufi, na busara ikapita mlemle.

Ushahidi mwingine uko ndani ya seti ya mashairi yenyewe, katika namna inavyotumiwa na watu wasiojali mashairi. Bozu mekuri huchezwa kwa karata za picha peke yake: unafunua moja moja, ukipata mwanamume unaiweka kwako, ukipata mtawa mwenye kichwa cha upara unapoteza zote ulizonazo, ukipata binti wa kifalme unazoa zilizopotezwa na wenzako. Hakuna shairi linalosomwa. Watawa hao walikuwa washairi wa kuheshimika. Mezani wamegeuka mkosi, na watoto hucheka wanapotokea. Huko Hokkaido nako, karata za kutandazwa ni vibao vya mti vilivyoandikwa kwa wino mzito wa mkono wa kukoroga, timu tatu kwa tatu, na msomaji husoma nusu ya mwisho peke yake. Nusu ya kwanza ya kila shairi, ile yenye vipande vitatu, haisikiki kabisa. Inasimuliwa kwamba desturi hiyo ilipelekwa kaskazini na watu wa Aizu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1868. Vyovyote iwavyo, tunao watu waliokata mashairi ya Teika zaidi ya nusu na bado wakabaki na mchezo mtamu, wenye mashindano na mabingwa wake.

Katika enzi ya Meiji, iliyofuata ile ya Edo, karuta ilipata kazi mpya, ya kuwakutanisha vijana. Riwaya ya Ozaki Koyo, Konjiki Yasha, iliyoanza kutoka gazetini Januari 1897, inaanzia kwenye karamu ya karuta ya Mwaka Mpya, ambako wavulana na wasichana wamekaa mkeka mmoja na pete ya almasi ya tajiri mmoja inawavuruga wote. Mwandishi asingechagua mandhari hayo kama wasomaji wake wasingeyatambua mara moja: palikuwa na mahali pachache ambapo mkono wa kijana ungeweza kugusana na wa msichana mbele ya wazazi bila mtu kukohoa. Kisha akaja Kuroiwa Ruiko, mwenye gazeti la Yorozu Choho, mtu yuleyule aliyewasimulia Wajapani upya The Count of Monte Cristo na Les Misérables. Mwaka 1904 aliandaa mjini Tokyo mashindano ya karuta yenye kanuni moja kwa wote, na seti moja. Kabla yake kila nyumba ilikuwa na mwandiko wake, herufi za kale zenye maumbo mengi kwa sauti moja, na mwenye nyumba alikuwa na faida kwa sababu aliizoea hati ya karata zake. Kuroiwa aliagiza karata za herufi nyepesi za hiragana tupu, zote za mtindo mmoja. Hati nzuri, ambayo mpenzi wa fasihi angeililia, iliondolewa ili mbio ziwe za haki. Kanuni zilizokuja kutumiwa na Shirikisho la Karuta la Japani Nzima, lililoanzishwa 1957, zimejengwa juu ya msingi huo.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapokuja, na haliwezi kupuuzwa. Ikiwa seti haina umuhimu, mbona mabingwa wa leo hawachezi na methali, wala na orodha ya mito, bali na mashairi yaleyale mia? Jibu liko katika sauti. Wachezaji huhesabu silabi wanazohitaji kusikia kabla ya shairi kujulikana kuwa ni hilo na si jingine. Mashairi saba yanajulikana kwa silabi moja: mu, su, me, fu, sa, ho, se. Arubaini na mawili yanahitaji mbili, thelathini na saba yanahitaji tatu, sita yanahitaji nne, mawili yanahitaji tano, na sita yanahitaji sita; kati ya hayo ya mwisho kuna mawili yanayoanza kwa neno lilelile la alfajiri, silabi tano zinazofanana kabisa, na mkono unapaswa kusubiri hewani hadi ya sita. Tena hesabu hiyo haikai mahali pamoja. Mashairi mawili yanaanza kwa u. Mojawapo likishasomwa, lililobaki linatosha silabi moja, na mchezaji asiyelikumbuka hilo atachelewa kwa kupepesa jicho. Ongeza kwamba kati ya mashairi mia, hamsini tu ndiyo yaliyo sakafuni, ishirini na tano kila upande, huku msomaji akichanganya yote. Shairi lisilokuwepo likisomwa nawe ukagusa karata kwa pupa, unakabidhiwa nyingine na mpinzani. Wanapewa dakika kumi na tano za kukariri karata ipi iko wapi. Kisha msomaji anamalizia nusu ya mwisho ya shairi lililotangulia, ananyamaza kama sekunde moja, na katika ukimya huo wachezaji wanasikiliza pumzi yake, maana s inayokwenda kuwa su haitoki sawa na ile inayokwenda kuwa sa.

Kwa hiyo nakubali: seti ina umuhimu, na mkusanyo wa Teika una mchanganyiko wa sauti ambao seti ya methali haina. Kwenye iroha kila methali inajulikana kwa silabi ya kwanza, basi mtu mzima huichoka haraka. Lakini angalia tumekubali nini. Ubora wa mashairi mia kwa mchezo hautokani na machozi ya wapenzi wala uzuri wa mwezi wa vuli. Unatokana na ajali ya jinsi mianzo yake ilivyogongana. Teika alichagua kwa sikio la mshairi, na karne nne baadaye wachezaji wakagundua kuwa amewaachia fumbo la silabi ambalo hakulikusudia. Wapo mabingwa wanaoyapenda mashairi hayo kwa dhati, na manga ya Chihayafuru ya Suetsugu Yuki, iliyotoka kati ya 2007 na 2022, iliwafanya vijana wengi wayasome kwa maana yake. Hilo halipingani na ninayosema. Walianza na karata, mashairi yakafuata.

Jaribio kali zaidi la hoja hii lilifanywa na dola. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, umoja wa waandishi wazalendo ulitangaza mkusanyo mpya wa mashairi mia ya kizalendo, uliochaguliwa na washairi wakubwa kama Sasaki Nobutsuna na Saito Mokichi, ili uchukue nafasi ya yale ya Teika yaliyojaa mapenzi. Karata zake zilichapishwa. Baada ya 1945 zilififia. Msomaji mkali ataniambia kwamba huu ni ushahidi dhidi yangu: mzigo ulibadilishwa, na safari hii mchezo ukaukataa. Naye mwingine atasema zilikufa kwa sababu Japani ilishindwa vita, kwa hiyo hatujifunzi lolote. Wa pili ana nguvu zaidi, na kwa tukio hilo peke yake nisingeweza kumjibu. Bahati nzuri kuna tukio la pili, karibu kabisa na la kwanza kwa wakati. Mwaka 1947, katika mkoa wa Gunma uliojaa wajane na yatima wa vita, zilitolewa karata 44 zinazosifu mkoa wenyewe, milima yake, chemchemi zake za maji moto, watu wake mashuhuri. Zinaitwa Jomo karuta. Nazo ni mzigo uliopangwa na wakubwa kwa nia ya kujenga moyo, tena mashairi yake hayana ubora wowote wa fasihi. Lakini mwaka uliofuata watoto wa mkoa waliwekewa mashindano, na yakaendelea kila mwaka, shule kwa shule, mtaa kwa mtaa. Mkusanyo wa 1942 ulitaka mashairi yake yaaminiwe. Jomo ilitaka karata zake zipigwe, na mtu aliyekulia Gunma huzijua kwa moyo hata akiwa mzee.

Moja ya karata hizo, ile ya herufi chi, inataja idadi ya watu wa mkoa wanaounganisha nguvu. Toleo la kwanza lilisema milioni moja na laki sita. Watu walipoongezeka karata ilichapishwa upya, na tangu 1993 inasema milioni mbili. Sensa ya 2020 ilikuta mkoa umeshuka chini ya hapo, na karata haijaguswa. Wapo wanaolalamika kwamba watoto wanafundishwa takwimu isiyo sahihi, na kwa kitabu cha jiografia wangekuwa na haki. Mtoto aliyepiga magoti mbele ya karata 44 hafiki kwenye idadi. Akisikia chi, mkono wake umekwisha kwenda.